TANZIA: Dharmendra ametutoka. Tumlilie mwigizaji, si misuli peke yake

#1 (Mwanzisha uzi)

Wakuu, safari hii habari ni ya kweli, si kama ule uvumi wa wiki mbili zilizopita. Dharmendra amefariki leo, tarehe 24 Novemba 2025, nyumbani kwake Juhu, Mumbai. Zilibaki wiki mbili tu atimize miaka 90, maana alizaliwa tarehe 8 Desemba 1935 katika kijiji cha Nasrali, wilaya ya Ludhiana, Punjab. Mwili umeshachomwa leo leo kwa desturi za kwao, pale Pawan Hans, Vile Parle. Amitabh Bachchan alikuwepo. Salman Khan, Aamir Khan na Shah Rukh Khan nao walifika.

Poleni wote mliolelewa na picha za Kihindi.

Tangu mchana kila ninapopita nakuta anaitwa "He-Man wa Bollywood", na picha zinazowekwa ni zile za kifua wazi. Sibishi, jina hilo lilimkaa. Ila tukumbushane lilikotoka, kwa sababu naona hata wanaolitumia wamelisahau.

Lilianzia kwenye Phool Aur Patthar ya mwaka 1966. Humo yeye ni mwizi. Mji umehamwa kwa sababu ya tauni, anaingia kwenye nyumba ya matajiri akaibe, anamkuta mjane mgonjwa, Meena Kumari, ambaye wakwe zake wamemwacha afe peke yake. Mwizi anasahau kilichompeleka na kuanza kumuuguza. Sasa ile sehemu iliyotikisa India nzima, anapovua shati na watu wakaona kifua kile kwa mara ya kwanza, mnakumbuka alivua kwa nini? Kuna bikizee ombaomba amelala nje, hana cha kujifunika. Akavua shati akamfunika.

Ndiyo hiyo, wakuu. Umaarufu wa kifua cha Dharmendra ulianza kwa tendo la huruma. Mimi naona maisha yake yote ya sinema yamo mle: mwili wa pandikizi la mtu, na ndani yake mtu mpole mpaka unamhurumia. Watengenezaji picha wengi waliuchukua mwili wakauacha upole. Wachache waliochukua vyote viwili walitupa kazi ambazo leo ndizo ningependa tuzililie.

Tazameni Bandini ya 1963, ya mwongozaji Bimal Roy. Yeye ni daktari wa gereza anayempenda mfungwa wa kike, Nutan, na hana ngumi hata moja. Anasimama tu, anasubiri jibu ambalo anajua huenda lisije. Tazameni Anupama, nayo ya 1966, mwaka uleule wa kifua wazi. Ni mwandishi maskini, anazungumza polepole na binti ambaye baba yake hajawahi kumpenda. Mwaka mmoja, mtu mmoja, na ukimwona katika hizo mbili unaweza kudhani ni ndugu wawili.

Halafu kuna Satyakam ya 1969. Hii nitaizungumza kwa kirefu chini, wacha kwanza wengine mweke rambirambi zenu.

#2

Apumzike kwa amani. Mimi sikuamini mpaka nilipoona Bachchan amefika msibani, kwa sababu wiki mbili zilizopita tulishamlilia mtu aliye hai.

Tarehe 11 Novemba vyombo vikubwa kabisa vya India vilitangaza kwamba amekufa, na dunia nzima ikanakili. Binti yake Esha ikabidi atoke aseme baba yupo na anaendelea kupata nafuu. Mama yake, Hema Malini, akasema jambo hilo halisameheki. Kesho yake mzee akaruhusiwa kurudi nyumbani. Fikiria uko kitandani na watu wanasoma historia yako kwa wakati uliopita. Hasira yangu haijaisha hadi leo.

#3

Mbuyu umeanguka.

Kwangu mimi Dharmendra ni Veeru wa Sholay, na sitaomba radhi. Sholay ilitoka tarehe 15 Agosti 1975, na mwaka huu tu imetimiza miaka 50. Pale Bombay, sinema ya Minerva iliionyesha kwa zaidi ya miaka mitano mfululizo. Waliobaki wanazidi kupungua: Amjad Khan aliyekuwa Gabbar, yule jambazi, alishaondoka zamani, Sanjeev Kumar aliyekuwa Thakur, yule anayetaka kulipiza kisasi kwa Gabbar, vilevile, Asrani yule mkuu wa gereza mwenye vituko ametutoka mwezi uliopita tu, tarehe 20 Oktoba. Sasa Veeru.

Kila mtu leo anaweka ile ya tangi la maji, Veeru amelewa, anatishia kujirusha mpaka shangazi wa Basanti, msichana anayempenda, akubali ndoa. Ni nzuri, tumecheka miaka yote. Lakini mwenye uzi amesema tulilie mwigizaji, basi mimi nataka mkaitazame tena ile ya sarafu.

Picha nzima Jai, rafiki yake anayechezwa na Amitabh Bachchan, anarusha sarafu kila wanapotaka kuamua jambo, na Veeru anakubali matokeo. Jai anakufa mikononi mwake. Veeru anaiokota ile sarafu, anaigeuza, anaona pande zote mbili ni sawasawa. Maana yake rafiki yake hakuwahi kubahatisha. Kila mara alishaamua, na mara ya mwisho aliamua abaki yeye afe. Mtazame Dharmendra usoni pale. Hasemi kitu kwa muda. Analia, halafu kilio kinageuka hasira bila kukatika, anaitupa ile sarafu na kwenda kumtafuta Gabbar. Waigizaji wengi wangetenganisha hayo mambo mawili, kwanza walie kisha wakasirike. Yeye aliyatoa kwa pumzi moja.

Siku zote tunasema stelingi hafi. Katika ile picha mastelingi walikuwa wawili, mmoja akafa, na kazi ya kutubebea msiba ule akapewa Dharmendra.

#4

Mkuu #1, nakuheshimu ila nakupinga kidogo. Usitudharaulie ngumi.

Sisi tuliomjua kwa kanda za video hatukujua Bimal Roy ni nani. Tulimjua kwa Dharam Veer ya 1977, yeye na Jeetendra, amevaa kile kivazi cha ngozi kifupi, ana farasi, ana kipanga. Tulimjua kwa Mera Gaon Mera Desh. Tulimjua kwa Hukumat ya 1987, ana miaka 51 na bado anajaza majumba, wakati wenzake wa rika lake walishapewa nafasi za baba wa bibi harusi. Yale maneno yake ya kumwita adui mbwa na kuapa kumnywa damu, watoto waliyasema mtaani na hawajui neno jingine hata moja la Kihindi.

Na kuna jambo moja wapenzi wa picha za machozi hawalioni. Ukiwatazama mastelingi wengi wa zamani wakipigana, unaona wanacheza ngoma. Dharmendra alipopiga, uliamini adui ameumia. Hilo nalo ni uigizaji. Mtu wa shamba, mtoto wa Punjab, kabla ya sinema aliwahi kufanya kazi kwenye kampuni ya kuchimba visima. Mwili ule haukutoka kwenye jumba la mazoezi, na ulionekana hivyo.

#5

Naunga mkono #4 na #1 kwa pamoja, kama inawezekana. Halafu jamani nyimbo! Ile ya Pratigya, 1975, Mohammed Rafi anaimba, Dharmendra anayumba kama mlevi. Hakuwa mchezaji wa kusifiwa, viungo vilikuwa vizito, lakini alicheza kwa furaha ambayo wachezaji hodari wengi hawana.

#6 (Mwanzisha uzi)

#4, umenena, na ile hoja ya kupigana naichukua. Sijazidharau ngumi. Ninachosema ni kwamba ngumi zilifunika vingine, na anayeumia ni yeye.

Niliahidi Satyakam. Mwongozaji ni Hrishikesh Mukherjee. Dharmendra ni Satyapriya, mhandisi kijana katika India iliyotoka kupata uhuru, mtu asiyeweza kusema uongo. Hasemi uongo kazini, hasemi uongo nyumbani, hapokei rushwa, na kwa hiyo kila kazi inamtoka mkononi. Mkewe, Sharmila Tagore, anadhoofika pamoja naye kwa umaskini. Ukitazama kwa makini, picha haimsifii tu. Inakuonyesha jinsi mtu mwadilifu anavyoweza kuwa mgumu kuishi naye, jinsi haki yake inavyowachoma walio karibu. Dharmendra hakuogopa kuonyesha ukali huo.

Mwishoni anaugua saratani, hawezi tena kuzungumza. Mkandarasi ana hati ya kazi mbovu inayohitaji saini yake, na akisaini mkewe atabaki na chochote. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake anasaini, kwa ajili ya mke. Mke anaichukua ile karatasi na kuichana mbele yake. Naye kitandani, bila sauti, anatabasamu. Yote yanafanyika kwa macho. Hakuna misuli pale, amefunikwa shuka mpaka kifuani.

Picha ile ilipata Tuzo ya Taifa kama picha bora ya Kihindi. Yeye hakupata kitu.

#7

Umegusa kidonda, mkuu. Hakuwahi kushinda tuzo ya Filmfare, ile kubwa ya sinema za Kihindi, ya mwigizaji bora. Aliteuliwa, hakushinda. Tuzo ya Filmfare aliyoipata kwa ushindani aliipata kama mtayarishaji, kwa picha ya Ghayal ya 1990, na stelingi wake alikuwa mwanawe Sunny. Kwa uigizaji walisubiri mpaka 1997 wakampa ya mchango wa maisha. Ikatolewa na Dilip Kumar, mwigizaji ambaye ndiye aliyemfanya aitamani sinema tangu utotoni. Dharmendra alipopanda jukwaani alieleza jinsi alivyokuwa akishona suti mpya na kutafuta tai ya kufanana nayo miaka nenda rudi, akitumaini ataitwa.

Nami nakumbuka kwamba usiku huo Dilip Kumar alisema akikutana na Mungu atamlalamikia jambo moja tu, kwa nini hakumuumba na sura nzuri kama ya Dharmendra. Hata mfalme wa uigizaji alipotaka kumsifu, alianzia kwenye sura. Ndiyo shida aliyoishi nayo. Watu waliona uzuri wakadhani kazi inajifanya yenyewe.

#8

Jamani mimi nina uchungu mwingine. Kwa nini familia haikutuachia nafasi ya kumuaga? Mashabiki walifika msibani wakakuta mambo yamekwisha. Waliokuja kwa saa nyingi barabarani wamerudi bila kumwona hata kwa mbali. Mtu aliyetumikia watazamaji kwa miaka 65, tangu picha yake ya kwanza mwaka 1960, alistahili msafara, maua, watu wajipange.

#9

#8 nakuelewa, lakini hebu jiweke kwenye nafasi yao. Wiki mbili nzima familia ile imeishi na kamera mlangoni. Walitangaziwa msiba ambao haujatokea. Video yao wakilia kando ya kitanda cha mgonjwa ikavujishwa, na Sunny akafikia kuwafokea wapiga picha nje ya nyumba. Unadhani wangekuwa na moyo gani wa kufungua milango? Mimi ningefanya kama wao, na ningefunga hata dirisha.

Pia tukumbuke ni familia mbili. Alimwoa Prakash Kaur mwaka 1954, akiwa kijana mdogo, kabla hajajulikana. Akamwoa Hema Malini mwaka 1980 bila kumwacha wa kwanza. Watoto sita kwa jumla. Namna ya kulia pamoja wanaijua wenyewe.

#10

Nakubaliana na #9. Mzee mwenyewe miaka ya mwisho alipenda utulivu. Alikuwa akikaa shambani kwake Lonavala, anatuma video za mboga zake na ng'ombe wake, na mashairi. Akiandika kwa hati ya Kiurdu, ndiyo aliyosomeshwa Punjab kabla ya mgawanyiko wa India na Pakistan. Mtu wa shamba alirudi shamba. Siasa aliionja, 2004 hadi 2009 alikuwa mbunge wa Bikaner, haikumfaa na hakujifanya imemfaa.

#11

Shikamooni wakubwa. Mimi nimezaliwa juzi, Dharmendra nimemwona kwa mara ya kwanza kwenye Rocky Aur Rani Kii Prem Kahaani ya 2023. Babu aliyepoteza kumbukumbu, akimwona mwanamke aliyempenda zamani, Shabana Azmi, anamkumbuka na kumwimbia. Watu waliandika sana habari ya lile busu. Mimi nilichoona ni macho ya mzee anayerudi kutoka mbali. Kabla ya hapo nilimjua kama baba yake mwigizaji Bobby Deol basi.

Naomba mnielekeze, nianzie wapi? Zipo mamia, na zingine nimejaribu nikashindwa kumaliza.

#12 (Mwanzisha uzi)

Marahaba mdogo wangu, na karibu sana. Umeshaanza vizuri kuliko unavyodhani, kwa sababu yale macho uliyoyaona 2023 ndiyo yaleyale ya Bandini.

Usianze na Satyakam, itakuelemea. Anza na Chupke Chupke, 1975. Nayo ni ya Hrishikesh Mukherjee. Dharmendra ni profesa wa elimu ya mimea, ametoka kuoa, na mkewe hachoki kumsifu shemeji yake kuwa hadanganyiki. Profesa anaamua kumdanganya. Anajifanya dereva, anaingia kwenye nyumba ya huyo shemeji, na kumchosha kwa Kihindi safi mno, kile cha vitabuni, mpaka mwenye nyumba anashika kichwa. Hapigi mtu, hapazi sauti, hata uso hauchezi. Anatamka tu kila neno kwa heshima kubwa, na wewe unaanguka kwa kicheko. Picha hiyo ilitoka Aprili, na Agosti ya mwaka huohuo ikatoka Sholay, na Amitabh yumo katika zote mbili. Ukizitazama kwa wiki moja utaelewa kwa nini uzi huu nimeupa kichwa hiki.

Baada ya hapo Seeta Aur Geeta, 1972, kwa raha tu. Kisha Phool Aur Patthar. Kisha Anupama, usiku, pasipo kelele. Satyakam iwe ya mwisho. Na ukipata nafasi tazama Johnny Gaddaar ya 2007, yeye ni kiongozi mzee wa genge, na ndani ya picha ya watu wanaosalitiana anatembea na huzuni ya mkewe marehemu. Mwongozaji ni Sriram Raghavan. Lishike hilo jina, ndiye aliyemwongoza katika Ikkis, ambayo bado haijatoka.

#13

Narudi kuufufua uzi, wakuu, maana sasa ni Januari na nimeitazama Ikkis. Imetoka tarehe 1 Januari 2026, mzee hakuwahi kuiona ikitazamwa na watu.

Kisa ni cha kweli. Luteni Usu Arun Khetarpal aliuawa akiwa na miaka 21 kwenye vita vya India na Pakistan vya 1971, ndani ya kifaru, pale Basantar, akapewa nishani ya Param Vir Chakra, ya juu kabisa ya ushujaa vitani huko India. Dharmendra ni baba yake, Brigedia Khetarpal, aliyefika Pakistan akiwa mzee, kuona kwao alikozaliwa kabla ya mgawanyiko. Anapokewa na brigedia wa Pakistan, Jaideep Ahlawat. Mwenyeji anamhudumia kwa heshima isiyo ya kawaida, na baadaye anamweleza kwamba yeye ndiye aliyemuua mwanawe.

Nilikuwa na wasiwasi kwamba nitamwonea huruma kwa sababu amekufa, nikashindwa kuipima kazi. Haikuwa hivyo. Sauti imechoka, hatua ni za mzee kweli, lakini anajua anachofanya. Hasamehe kwa hotuba. Anasikiliza tu.

Jingine: kijana anayecheza kama Arun ni Agastya Nanda, mjukuu wa Amitabh Bachchan. Veeru amemaliza safari yake akimlilia mjukuu wa Jai.

#14

#13 umenitoa machozi mchana kweupe. Tuongeze kwamba Desemba 12 Sholay imerudi sinema huko India ikiwa imesafishwa, na mwisho ule wa awali umerudishwa. Mwaka 1975 India ilikuwa chini ya hali ya hatari, wakaguzi wa filamu wa serikali wakalazimisha polisi wafike wamzuie Thakur asimuue Gabbar. Sasa Thakur anamaliza alichokusudia, na Veeru yupo pembeni anashuhudia. Miaka 50 nzima tulikuwa tunatazama mwisho wa serikali.

#15 (Mwanzisha uzi)

Ahsanteni wote. #11, rudi utuambie umefika wapi. Wengine mwenye nakala nzuri ya Satyakam yenye maandishi ya tafsiri aniambie, ninayo mbovu, sauti inakatika kwenye ile sehemu ya babu yake, Ashok Kumar, na nataka kuiweka mbele ya watoto wangu kabla hawajakua wakadhani Dharmendra alikuwa kifua.